Mbio ya nyota na 9,81 ya kaye zetu



Kuna nyota moja yenye haina jina, iko na namba tu, namba ya tarakimu 19. Mu mwezi wa 4 mwaka 2018 liste kubwa ya sateliti Gaia ilisema nyota ile inatukaribia kwa mbio ya kilometa 614 kwa sekonde. Ni jambo la kushangaza. Nyota nyingi za jirani zinakwenda kilometa 10, 20, 50. Basi wenye kusoma liste wakaanza kuihesabu kati ya zile zenye mbio kupita zote. Mu mwaka 2019 Boubert na wenzake, na mmoja wao ni mtu wa kazi ya Gaia yenyewe, walichukua teleskopi ya huku duniani, wakapima tena. Wakakuta karibu kilometa 56. Mbio ya kwanza ilikuwa imezidishwa mara 10 na zaidi. Hawakunyamaza. Waliandika makala, wakaeleza kosa lilitoka wapi, wakatoa na liste ya nyota zingine zaidi ya 70.000 ambazo watu wanapashwa kuzitilia shaka.

Mtu angeweza kunyamaza. Nani angeenda kutafuta nyota moja ya namba 19 kati ya milioni 7? Mimi naona ile makala inatuhusu sisi wa shule hii zaidi ya vile tunavyofikiri, na nitasema sababu gani. Lakini kwanza nieleze namna wanavyopima, kwa maana mu etide nasikia wengine wakisema: «Bale bazungu banatudanganya tu, nani alienda kule na metre?»

Hakuna aliyeenda. Wala si lazima.

Wale wenye kukaa karibu na ziwa wanajua taa za wavuvi wa sambaza usiku. Taa yenye kupita mbele yako toka kuume kwenda kushoto, unaiona inatembea. Taa yenye kuja moja kwa moja kwako, inaonekana imesimama. Unaweza kuiangalia dakika 10, iko pale pale, na kumbe mtumbwi unakuja. Nyota nazo ni vile vile. Kwa picha unaweza kuona nyota ikisogea pembeni, kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka. Lakini mbio yake ya kuja kwetu ao ya kutuacha, ile wanayoiita kwa Kifaransa vitesi radiali, picha haiionyeshi hata kidogo. Mwenye kujua ya pembeni tu anajua nusu ya safari. Sateliti Hipparcos, iliyofanya kazi toka 1989 mpaka 1993, ilipima nyota karibu 118.000 vizuri sana, lakini haikuwa na chombo cha kupima mbio ile. Wengine wakabaki kwa miaka mingi wakizipima toka duniani, moja kwa moja, ili kujaza ile nusu iliyokosekana.

Basi wanapimaje? Hapa naomba wanakwaya wanisikilize. Simameni kando ya barabara wakati moto inapita huku inapiga honi bila kuachilia. Ikiwa inakuja, sauti iko juu. Ikikupita tu, sauti inashuka. Moto ikiwa na mbio ya kilometa 36 kwa saa (tuseme barabara imeiruhusu), ni metre 10 kwa sekonde, na sauti yenyewe inakwenda metre karibu 340. Gawanya: ni karibu 3 kwa 100. Sauti inapandishwa 3 kwa 100 moto ikija, inashushwa 3 kwa 100 ikienda. Jumla ni karibu 6 kwa 100, na 6 kwa 100 ni nusu-toni moja kamili: honi inashuka toka fa mpaka mi. Mwenye sikio la solfa anaweza kukuambia mbio ya moto huku amefumba macho, na hakuenda kule na metre.

Christian Doppler ndiye aliyesema jambo hili mu mwaka 1842, mu mji wa Prague. Miaka 3 nyuma, mu 1845, Buys Ballot wa Uholanzi aliweka wapiga tarumbeta juu ya treni, na watu wenye masikio mazuri kando ya reli, wakahakikisha. Napenda sana ile habari. Fizika ya kweli, na vyombo vyake ni tarumbeta na masikio.

Mwangaza wa nyota unafanya vile vile. Ukiupitisha mu kioo cha pembe tatu unatandika rangi kama upinde wa mvua, na ndani ya rangi zile kuna mistari myeusi, kila kitu cha asili na mistari yake. Kalsiumu, ile ya mifupa yetu na ya chokaa, iko na mistari 3 mu mwangaza mwekundu ambao jicho haliuoni tena: nanometa 849,8, kiisha 854,2, kiisha 866,2. (Nanometa ni metre moja ukiikata vipande bilioni 1.) Nyota ikitukaribia, mistari yote 3 inasogea upande wa bluu, ikituacha, inasogea upande wa nyekundu. Hesabu yake mwanafunzi wa darasa la 4 anaiweza. Tuseme mstari wa 866,2 umeukuta pa 866,3. Tofauti ni 0,1. Gawanya kwa 866,2, zidisha kwa mbio ya mwangaza, kilometa 300.000 kwa sekonde. Unapata karibu 35. Nyota inatuacha kwa kilometa 35 kwa sekonde. Wanaweka alama ya + kwa yenye kutuacha, na ya − kwa yenye kutukaribia.

Sasa ona udogo wa kitu chenyewe. Sehemu ya kumi ya nanometa! Ndiyo maana watu wa zamani walikosea. William Huggins, Mwingereza, ndiye wa kwanza kujaribu, mu mwaka 1868, juu ya Sirius, ile nyota yenye kuangaza kupita zote usiku. Aliona kwa jicho lake mu kioo, akasema Sirius inatuacha kwa kilometa zaidi ya 40 kwa sekonde. Leo tunajua inatukaribia, kwa kilometa 5,5. Hata alama aliikosa. Lakini aliandika namna alivyofanya, vioo gani, mstari gani, shaka gani, na sababu ya ile wengine waliweza kurudilia kazi yake na kuinyoosha. Miaka 20 nyuma yake Vogel wa Potsdam, mu Ujerumani, akaweka picha mahali pa jicho, na toka pale mambo yakaanza kuwa sawa.

Tuje kwa Gaia. Ni sateliti ya nchi za Ulaya. Ilirushwa tarehe 19 mwezi wa 12 mwaka 2013 kutoka Kourou, mu Guyane ya Wafaransa, ikaenda kukaa kilometa milioni 1 na nusu mbali na dunia, upande wa usiku. Ilikuwa inajizungusha polepole, mara moja kwa saa 6, na nyota zikawa zinapita mbele ya kamera zake kama watu wanavyopita mbele ya mlango. Toka duniani, kazi kubwa iliyoitwa RAVE ilitumia miaka 10 kupima mbio ya nyota karibu 450.000. Gaia ilitoa milioni 7 mu 2018, na zaidi ya milioni 33 mu 2022. Tarehe 15 mwezi wa 1 mwaka 2025 ilimaliza kupima, kwa sababu gesi yake ya kujielekeza ilikuwa inakwisha, na mwezi wa 3 wakaizima. Liste ya nne imepangiwa mwezi wa 12 mwaka 2026.

Wengine watasema: hawa wana mali, wana sateliti, kwa hiyo wanapata namba nzuri. Hapana. Someni namna kile chombo kilivyokuwa na shida.

Shida ya kwanza. Duniani, chombo cha kupima mistari kina taa ndani: unawasha taa yenye mistari unayoijua, unalinganisha. Gaia haikuwa na taa ile. Ni sawa na kwenda soko bila mawe ya mizani. Walifanya nini? Walichagua nyota 4.813 ambazo teleskopi za duniani, zile za Haute-Provence na Pic du Midi mu Ufaransa na ya La Silla mu Chile, zilikuwa zimezipima mara nyingi na kukuta hazibadiliki. Nyota zile ndizo zikawa mawe ya mizani. Kila namba ya Gaia inasimama juu ya kazi ya watu waliokesha usiku duniani.

Ya pili, mwangaza wa kupotea. Gaia ilikuwa na mwavuli wa metre 10 wa kuizuia jua. Walipoiwasha mu 2014 wakakuta mwangaza wa jua unaingia ndani kidogo. Ulikuwa unapitia nyuzi ndogo zilizotokeza pembeni ya mwavuli. Nyuzi! Kama nyuzi za upindo wa sare yenye haikushonwa vizuri. Chombo cha mbio za nyota ndicho kilichoumizwa zaidi, juu kinapima mwangaza kidogo sana. Hakuna fundi wa kwenda kukata nyuzi kilometa milioni 1 na nusu. Walitangaza, wakasema wazi kwamba nyota hafifu zitapimwa vibaya kuliko vile walivyoahidi, wakabadilisha namna ya kazi.

Ya tatu ni sisi wenyewe. Dunia inazunguka jua kwa kilometa karibu 30 kwa sekonde, na Gaia ilikuwa inakwenda pamoja nayo. Tazama Aldebaran, ile nyota nyekundu ya Ng'ombe Dume. Inatuacha kwa kilometa 54. Lakini ukiipima wakati dunia inakwenda upande wake, unakuta karibu 24. Miezi 6 nyuma, dunia ikiwa inarudi, unakuta karibu 84. Nyota haikubadilika, ni wewe uliyebadilika. Kwa hiyo walipashwa kujua mbio ya Gaia yenyewe kabla ya kusema neno juu ya nyota yoyote, na teleskopi za duniani, kama ile ya VST mu Chile, zilikuwa zinaipiga picha ili kujua iko wapi. (Na wadogo zangu wa darasa la 3 wasiseme Aldebaran ni nyekundu kwa sababu inatuacha. Hapana. Ni nyekundu juu haina moto kama jua. Mbio ya kilometa 54 inasogeza mstari chini ya sehemu mbili za kumi za nanometa. Jicho haliwezi kuona ile.)

Na ya nne ndiyo iliyotoa nyota ya uwongo. Vyombo vingi vya duniani vina tundu nyembamba yenye kuachilia nyota moja tu ipite. Gaia haikuwa nayo. Mwangaza wa kila nyota ulikuwa unatandikwa ovyo juu ya kamera, na mahali mstari unapoangukia panategemea pia mahali nyota ilipo mbinguni. Ile nyota ya namba 19 iko na jirani yenye kuangaza kuipita. Mwangaza wa jirani ukaingia mu kaye ya mwenzake, niseme hivyo, na kwa kuwa jirani anasimama mbali kidogo, mistari yake ikaangukia mahali si pake. Mashini ikasoma ule mkosano kama mbio. Karibu nanometa 1,8 za uwongo. Kwa liste ya 2022 walishaandika programu ya kutenganisha mwangaza wa majirani.

Na hata mu ile ya 2022, wenye kazi, chini ya David Katz wa Observatoire de Paris, waliandika pamoja na namba zao kwamba nyota hafifu zinaonyesha kosa lenye kuongezeka kidogo kidogo mpaka metre karibu 400 kwa sekonde, na wakatoa hesabu ya kulinyoosha. Waliandika pia shaka ya kawaida: kwa nyota za ukubwa wa 12, kilometa 1,3 huku ao kule, kwa zile hafifu za ukubwa wa 14, kilometa 6,4. Kila nyota iko na namba mbili, mbio na shaka yake. Mimi naona ile namba ya pili ndiyo yenye heshima.

Sasa nije kwetu.

Wengi wenu munajua kazi ya pandule: kamba, jiwe, saa, kutafuta g. Mimi ndiye ninayekusanya kaye za labo na kuzipeleka mu biro, na nilipozipanga niliona karibu zote, za darasa la 5 na za darasa la 6, ziko na jibu moja: 9,81. Si 9,7, si 9,9, si 10. Kamba mbalimbali, mawe mbalimbali, saa za simu mbalimbali, mikono ya watu mbalimbali, na wote 9,81. Mwanafunzi mmoja wa darasa la 5 alikuwa ameandika 9,6. Wenzake wakamcheka, akakata, akaandika 9,81 juu yake. Na pointi zikapanda.

Tufanye hesabu pamoja. Kamba ya metre 1 inakwenda na kurudi kwa sekonde 2 na kidogo. Ukihesabu mara 10 unapata sekonde karibu 20. Kidole chako juu ya saa kinakosea sehemu 2 za kumi za sekonde, na usiseme chako hakikosei. Ni 1 kwa 100. Mu hesabu ya g muda unazidishwa mara mbili kwa yenyewe, basi kosa linakuwa 2 kwa 100, ni kusema 0,2. Kwa hiyo mwenye kufanya kazi vizuri kabisa atapata namba popote kati ya 9,6 na 10, na hawezi kuandika zaidi ya tarakimu moja nyuma ya koma. Yule wa 9,6 alikuwa amepima. Sisemi kitu juu ya wengine, hesabu imesema.

Tena kuna jambo lingine lenye kuchekesha kama halingekuwa la kuhuzunisha. 9,81 ni namba ya Bruxelles na ya Paris. Si ya hapa. Dunia imevimba kidogo katikati, tena inazunguka, kwa hiyo karibu na ekweta g inashuka mpaka 9,78 pa usawa wa bahari. Na sisi tuko juu zaidi, ziwa Kivu peke yake liko metre 1.460. Hapa kwetu g haiwezi kufika 9,81. Ile namba ilikuja mu vitabu toka Ulaya, na tunaitoa mu kamba zetu kwa nguvu.

Mu mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alifika Cayenne, karibu na ekweta, na saa ya pandule iliyopangwa vizuri Paris. Saa ikawa inachelewa zaidi ya dakika 2 kila siku. Angeweza kusema saa imeharibika ao kuandika ile namba ya Paris, ili wakubwa wake wafurahi. Aliandika alichokiona: hapa pandule inapashwa kuwa fupi zaidi. Kwa njia ile watu walipata alama ya kwanza kwamba uzito haulingani mahali pote pa dunia, na kiisha kwamba dunia si mviringo kamili. Cayenne ile iko mu Guyane, ile ile ambako Gaia ilirushwa. Kama Richer angekuwa mu darasa letu, angecheka na kukata.

Najua jibu la wengine, na nalisikia hata kwa walimu wawili watatu ninaowaheshimu: Egzameni ya Serikali iko karibu, na mu egzameni ni 9,81 ao 10. Ni kweli. Mu egzameni fanya hesabu na namba waliyokupa, hakuna uwongo pale, wameandika wenyewe «tuseme g ni hii». Labo si vile. Mu labo wanakuuliza: wewe umeona nini? Ukijibu usichokiona, na jina lako liko juu ya karatasi, neno lake tunalijua wote, tunalifundishwa mu ibada kila asubuhi. Sioni kwa nini neno lile libadilike tukivuka toka kapela kwenda labo.

Wengine wa imani wanasema pia kuhesabu nyota ni kiburi. Sitabishana sana. Johannes Kepler alikuwa Mprotestanti, alisoma Tübingen akijitayarisha kuwa mchungaji, na akaishia kuhesabu njia ya sayari kwa uaminifu mkubwa. Kiburi ninachokiona mimi ni kile cha kuandika tarakimu 3 mahali umepima moja.

Na faida? Kwa zile mbio na zile safari za pembeni pamoja, mu mwaka 2018 watu waligundua kwamba jamii yetu ya nyota ilimeza jamii nyingine miaka karibu bilioni 10 iliyopita. Nyota za ile iliyomezwa bado ziko kati yetu, zinajulikana kwa mwendo wao tofauti, kama wageni waliofika kijijini na bado wanatembea namna ya kwao. Mu mwezi wa 4 mwaka 2024 walitangaza Gaia BH3: nyota moja yenye kuyumba, mara inakuja, mara inakwenda, kwa mzunguko wa miaka karibu 12, inazunguka kitu kisichoonekana, kizito mara 33 kuliko jua. Shimo jeusi. Fikirini kama mtu wa Gaia angekuwa na tabia yetu: angeona nyota inayumba, angesema «haifai, nyota zinapashwa kwenda sawasawa», angekata na kuandika namba ya mwaka uliopita. BH3 ingebaki mu giza.

Tena zile liste zote ni bure. Hakuna wa kulipa, hakuna barua ya kuomba. Mwanafunzi mwenye simu na kuran kidogo anaweza kufungua mbio ya nyota anayoitaka, na atakuta shaka yake imeandikwa pembeni.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa Bwana Prefe na kwa mwalimu wa fizika, na nimeshawaambia kwa mdomo kabla ya kuandika hapa. Kwanza, pointi za labo zigawanywe: nusu kwa tabulo ya vipimo vyenyewe, na vya kukosewa vikiwemo bila kufutwa, robo kwa shaka, ile ± na sababu yake, robo inayobaki kwa jibu. Mwenye 9,6 ± 0,2 na tabulo safi apite mwenye 9,81 bila tabulo. Pili, kazi ya pandule irudiliwe Alhamisi yote mbili za mwezi huu, wakati wa etide, na kamba ndefu: metre 2 toka boriti ya sale, kuhesabu mara 100, watu wawili kwa saa moja, na mmoja wa tatu asiyejua jibu la wenzake. Tukichapa mu namba ijayo ya jarida hili majibu yote ya makundi yote, na tukatafuta katikati yao, tunaweza kukaribia 9,78 ya kwetu wenyewe. Ao tutakosa, na tutachapa vile.

Kamba iko kwangu, na metre ya fundi seremala tumeahidiwa. Mawe kila kundi litafute lake. Kaye nitazikusanya Ijumaa nyuma ya ibada. Zile zisizokuwa na ± nitazirudishia wenyewe pale pale mlangoni.

Mkubwa wa wanafunzi, darasa la 6 Hesabu-Fizika